Vigae vya kujibandika juu ya sakafu ya zamani: vipi vya kuchukua, vipi vya kuacha

Kabla hujapenda mchoro, soma pembeni mwa boksi. Tafuta vipimo viwili: unene wa kigae chenyewe, na unene wa tabaka la juu, ile ngozi angavu inayokinga rangi isikwaruzwe na viatu na miguu ya viti. Boksi lisilotaja tabaka la juu mimi hulirudisha rafuni.

Nafasi ya kwanza naipa kigae cha vinaili (aina ya plastiki) cha mraba, sentimita 30 kwa 30, chenye unene wa milimita 2 na tabaka la juu la milimita 0.3. Jikoni, au kwenye korido inayopitwa kutwa, nenda hadi 0.5. Kina uzito wa kutosha kulala chini chenyewe, na kimoja kikiharibika unakipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, gundi inalegea, unabandua na kuweka kingine.

Cha pili ni vibao virefu vyenye sura ya mbao. Vinapendeza sana, ila vinataka sakafu iliyonyooka: penye bonde, ncha huanza kunyanyuka. Vigae vya kapeti ni vya tatu, na ni kwa chumba cha kulala tu.

Vya mwisho ni vyembamba, milimita 1 hivi. Bei yake inavutia, najua. Niliwahi kuvibandika juu ya marumaru bila kujaza mifereji ya katikati. Baada ya miezi michache mistari yote ya chini ilichomoza. Ukipitisha kiganja unahisi kila mraba wa zamani, na uchafu umeganda kwenye kingo. Nilibandua chumba kizima.

Kwa hiyo, sakafu uliyonayo ina neno kabla ya pochi. Marumaru: gonga moja moja, inayolia utupu iondoe na ujaze, kisha jaza mifereji kwa mchanganyiko wa kusawazisha, na osha mafuta yote. Saruji tupu hunyonya gundi, basi ipake praima kwanza, yaani rangi ya awali ya kuziba vitundu vyake. Pima na unyevu: bandika kipande cha nailoni, kizibe pande zote nne kwa utepe, kiache saa 24. Ukikuta matone chini yake au saruji imekuwa nyeusi, usinunue kitu bado. Unyevu utaishinda gundi yoyote. Juu ya kapeti, au vinaili laini inayobonyea, vigae hivi havikai. Na kama vigae vya zamani ni vya miaka ya 1980 au kabla yake, usivisugue kwa msasa wala kuvivunja, kwani huenda vina asbestosi, madini ya nyuzinyuzi, na vumbi lake hudhuru mapafu.

Ukishaamua, ongeza asilimia 10 juu ya eneo ulilopima, na hakikisha maboksi yote yana namba ileile ya toleo, maana rangi hupishana kidogo toleo hadi toleo. Yaache ndani ya chumba hicho saa 48 kabla ya kuanza. Unapobandika, anzia katikati ya chumba, fuata mishale iliyochapwa nyuma ya vigae, na kandamiza kila kimoja kwa rola hadi kwenye kingo. Vinavyobaki vihifadhi vikiwa vimelala bapa. Vikisimamishwa ukutani hupinda, na siku utakapovihitaji havitashika.