Pioneer SX-780: sauti yake nimeipenda, ila ichunguze kabla hujalipa

Pioneer SX-780 ni risiva (amplifaya na redio katika mashine moja) ya mwishoni mwa miaka ya 1970, wati 45 kwa kila chaneli kwenye spika za omu 8. Ninaitumia hapa Lubumbashi na sina mpango wa kuiachia. Besi yake imeshikamana, sauti ya mwimbaji inakaa mbele, na haichoshi masikio. Lakini hizo ni sifa za mashine isiyo na kasoro. Nyingi zinazouzwa zimechoka, na uchovu huo ndio watu wanaousifia kuwa utamu wa zamani. Sauti nzito isiyo na makali mara nyingi ni kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme) zilizokauka, au swichi ya LOUDNESS, ile ya kuongeza besi, iliyoachwa imewashwa. Izime, weka besi na trebo katikati, ndipo uanze kuhukumu.

Anza na ukimya. Volyumu sifuri, bila muziki, sogeza sikio kwenye spika. Mvumo usiobadilika hata ukizungusha volyumu unatoka kwenye saplai ya umeme ya ndani: kapasita kubwa za kuchuja umeme zimekwisha. Mvumo unaopanda pamoja na volyumu, tafuta huko zinakoingilia waya, hasa waya wa ardhi wa deki ya santuri.

Kisha chomoa spika, uiwashe dakika 10, na upime milivolti za DC (umeme wa mwelekeo mmoja) kwenye vituo vya spika, pale waya zake zinapofungwa, kwa multimita. Chini ya 50 ni salama. Zikipita 100, usiunganishe spika unazozipenda.

Kwa muziki wenyewe, mimi naanza na Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, na rekodi zile ni za mono, yaani spika zote mbili hutoa sauti ileile: gitaa moja, mwimbaji mmoja. Kaa sawasawa kati ya spika mbili. Gitaa lazima lisikike katikati kabisa, kana kwamba kuna spika ya tatu. Likivutwa upande mmoja volyumu ikiwa chini, kisha likarudi ukiongeza, potensiometa ya volyumu (kipande kilicho nyuma ya kitufe chake) hailingani pande zote mbili. Chaneli ikipotea kabisa kwenye sauti ndogo na kurudi ghafla ukipandisha, hiyo ni rilei ya kulinda spika, swichi inayoendeshwa na umeme: vigusio vyake vimeshika kutu. Kipande cha karatasi ngumu kilicholowa alkoholi ya isopropili, kikivutwa polepole kati ya vigusio, huirudisha kwa muda. Usitumie msasa, unakwangua tabaka la juu la vigusio. Dawa ya kudumu ni rilei mpya.

Mkwaruzo unapozungusha vitufe usikutishe. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia kila mahali. Puliza dawa ya kusafishia vigusio, kama DeoxIT, ndani ya potensiometa, uzungushe mara 30 huku umeme umezimwa. WD-40 haifai kwa kazi hii.

Umeme ndio unaoua hizi mashine hapa kwetu. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 220 za SNEL, shirika la umeme la Kongo, unaiua. Inahitaji transfo ya kushusha volti, na mimi nashauri uwezo wake usiwe chini ya VA 500 (volti mara ampea). Kwa kuwa iliundwa kwa Hz 60 nasi tuko Hz 50, transfo yake ya ndani itapata joto zaidi kidogo, basi iachie nafasi ya kupumua juu. Umeme ukikatika, chomoa plagi. Usingoje urudi nayo ikiwa imewashwa.

Ukiilinganisha na risiva nyingine, sawazisha kwanza kiwango cha sauti, maana iliyo juu kidogo tu masikio huiona bora. Cheza mlio wa Hz 100 na upime volti za AC (umeme wa kwenda na kurudi) kwenye vituo vya spika. Risiva zote mbili zitoe volti 1. Hz 100 ni kwa sababu multimita za bei nafuu hukosea kwenye milio ya juu. Wala usishtuliwe na wati 90 za jirani: mara mbili ya wati ni desibeli 3 tu.

Chaneli moja ikiwa imekufa na muuzaji akasema "ni fyuzi tu", mwambie afungue kifuniko. Nguvu ya SX-780 inatoka kwenye vipande viwili vya STK-0050, saketi za kukuza sauti, ambavyo havitengenezwi tena, na vya bandia vimejaa sokoni. Kimoja kikiungua, punguza bei sana au iache.