Mbaazi za nazi, chapati na paka anayeitwa Karani (Ngamiani, Tanga)

Naendesha bajaji Tanga mjini, kwa hiyo chai ya asubuhi nakunywa popote njaa itakaponikuta. Nimekula Chumbageni, nimekula hata kule Deep Sea wavuvi wanakoshusha samaki. Lakini mwaka huu karibu wote naishia kwenye kibanda cha mama mmoja wa makamo, Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara za namba. Hakina kibao. Ulizia "kwa paka", utaonyeshwa.

Chakula kwanza. Mbaazi safi kabisa, tui zito, bizari haijazidi. Chapati laini, ya pili utaiagiza tu. Chai ndiyo inayoniudhi: sukari inatiwa humohumo kwenye birika, na inatiwa kama ya harusi. Vyote kwa shilingi 1,500, na chenji hawana kamwe.

Sasa Karani. Ni jike, mweupe mwenye mabaka meusi na ya kahawia, sikio la kushoto limechanika. Hukaa juu ya meza ya hela, ubavuni mwa kopo la chenji, anamkodolea kila anayelipa. Jina lilijileta lenyewe.

Mwezi uliopita kuna siku niliingia nimenuna. Jana yake tairi lilipasuka, hesabu ya mwenye bajaji ikapungua elfu nane, na simu yake nilikuwa naiona inaita, naiacha. Nikakaa, sikuagiza kitu. Karani akashuka, akanusa ndala zangu zenye oili, akanisugua muundi kwa kichwa mara mbili, kisha huyo mapajani bila hodi. Akaikandakanda suruali kwa miguu ya mbele kama anayekanda unga, akajikunja. Ule mngurumo wake unaupata mwilini kabla ya masikioni, kama bajaji iliyosimama bila kuzimwa. Nusu saa nzima sikuinuka, utainukaje paka kalala? Simu ilipoita tena nikapokea, nikaongea taratibu, nikakubaliwa kulipa kidogokidogo. Kwa hasira niliyoingia nayo, tungetukanana.

Nikataka kumlipa fadhila, nikamkatia andazi. Akalinusa, akanigeuzia mgongo. Abiria wangu mmoja, daktari wa mifugo, alinicheka sana: paka haonji utamu hata kidogo, ulimi wake haukuumbiwa hivyo. Siku hizi namletea kichwa cha kibua.

Mteja mmoja mgeni alilalamika mbele yangu kwamba paka hatakiwi kukaa penye chakula. Mama hakubishana naye, akamtajia hadithi ya Mtume kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Mgeni akamaliza mbaazi zake. Kusema kweli, mimi unyoya nimewahi kuukuta kwenye chapati, mara moja. Niliutoa nikaendelea kula, ila mwenye kinyaa ajue mapema.

Nawapa nyota nne, ya tano imezama kwenye birika la chai. Wahi kabla ya saa tatu, mbaazi zinakwisha. Halafu Karani tumbo limeshuka. Paka hubeba mimba miezi miwili na siku chache, na kwa hesabu za Mama mwezi huu hauishi. Nimeshaahidiwa mtoto mmoja. Mke wangu bado sijamwambia.