Mkizi: achana na macho, bonyeza tumbo

Malalamiko ninayoletewa ni yale yale: "Nimempaka ndimu na tangawizi, nikampika wa nazi, mbona sufuria nzima yanuka tope?" Ndimu haina kosa, wala nazi. Tumbo ndilo lenye kesi.

Mkizi hawindi samaki wenzake. Hula tope na mchanga, akachuja humo uozo na miani, na ndani ana firigisi nene ya kusagia, kama kuku. Ukijua alivuliwa wapi, umejua alikula nini. Na akiachwa hajapasuliwa mpaka jua la adhuhuri, harufu ya tumbo huhamia kwenye nyama. Hapo hata uoshe kwa siki, umechelewa.

Ule ushauri wa macho maangavu uwekee changu na tafi. Jicho la mkizi lina utando wa mafuta, laonekana na ukungu hata akiwa ndio kwanza atoka wavuni. Bonyeza tumbo. Likiwa gumu, chukua. Likibonyea na kidole kikaacha shimo, mwachie mwenyewe. Na aliyekwisha kupasuliwa kabla hujafika usimguse, kwa sababu ushahidi umetupwa.

Wa kwanza kwangu, na upendeleo siufichi, ni wa Vanga, kule kusini mpakani na Tanzania. Naye atoka kwenye mikoko, ila mikoko isiyopokea vyoo vya jiji. Nyama yake imekazana, mafuta yake ni matamu, na akichomwa kwa makaa hahitaji zaidi ya chumvi na pilipili. Ni ghali, na akifika Mombasa ni ghali zaidi. Nunua hivyo hivyo.

Wa pili ni wa mabwawa ya maji ya chumvi, wale wanaofugwa na vikundi vya Kilifi na Kwale pamoja na mwatiko. Mara nyingi ni wadogo, lakini ukiulizia siku ya kuvuna utamwona akitolewa majini.

Wa hori ya Tudor, hapo Mombasa mjini, mimi simli. Maji machafu ya mji yaingia humo, na mkizi ndiye anayeyala. Muuzaji atakuapia kwamba ni wa bahari kuu. Muulize jina la bandari uone atakavyobabaika.

Wa friji, kaanga. Ng'onda, yule aliyekaushwa, loweka usiku kucha.

Sasa bei. Wahenga walisema hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi. Siku hizi tijara ni ya tajiri. Yeye ndiye aliyemkopesha mvuvi nyavu na mafuta ya mashine, kwa hivyo samaki wakubwa wote ni wake kabla chombo hakijafunga nanga. Mama karanga, wale wakaangao samaki wa kuuza, na sisi wenye vikapu twagawana masalio, tena kwa mizani iliyowekewa barafu juu.

Na mayai! Wataliano na Wajapani huyatia chumvi, wakayakausha, wakayauza bei ya kutisha. Wapara samaki wetu wamelijua hilo kimya kimya. Wewe wampa mpara samaki jike mwenye tumbo limejaa, umelipia uzito wake wote, akurudishia mfuko mwepesi: "Hakuwa na mayai, mama." Basi simama hapo hapo kisu kikipita. Dai ile mifuko miwili ya manjano, na umwambie autoe kwa kisu ule utando mweusi wa ndani ya tumbo, maana akiuacha, harufu itabaki. Akinuna, na anune.