Kiyoyozi cha kupasha joto: uzoefu wangu Kabale

Mama alizoea joto la Arua. Nilipomleta Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, huku juu zaidi ya mita 1,800, baridi ya Julai ilimshika magoti, akaanza kuingiza sigiri chumbani usiku. Mimi ndiye nikawa silali. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu anaweza kulala asiamke.

Nilianza na hita ya wati 2,000. Inapasha, lakini saa 5 zinamaliza yuniti 10 za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Fundi mmoja wa mafriji akanishauri ninunue kiyoyozi cha inverta, yaani kinachojipunguzia kasi chenyewe, chenye alama ya jua kwenye rimoti, maana yake kinapasha pia. Kiyoyozi, Kabale?

Akanipeleka nyuma ya friji yangu, akaniambia niguse. Moto. Friji haitengenezi baridi, inatoa joto ndani na kulitupa nje. Kiyoyozi hufanyia chumba vivyo hivyo, na hiki cha alama ya jua kina valvu ya kugeuza safari ya gesi, ili joto litoke nje na kuingia ndani. Gesi yake, R32, ikiwa haijakandamizwa huchemka kwenye nyuzi 52 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo hata hewa ya nje ya nyuzi 10 ina joto la kuichemsha. Inalifyonza huko nje, kompresa inaikandamiza mpaka iwe ya moto, kisha inalimwaga chumbani. Umeme unalipia kulibeba joto tu. Changu cha BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kiyoyozi) kinakula kama wati 700, na mama analala bila sweta.

Ufungaji ndio ulioniumiza. Fundi wa kwanza hakunyonya hewa kwenye mabomba ya shaba kwa pampu, na kiungo kimoja alikikaza vibaya. Wiki 3, gesi yote imevuja. Tafadhali, simama naye, mwambie akuonyeshe pampu na geji ya kupima presha kabla hajafungulia gesi. Na kama juu ni mabati matupu, weka siling kwanza, maana joto hupanda na kutoroka. Mdomo wa kiyoyozi elekeza chini. Ukiona maji yanadondoka kwenye mashine ya nje wakati wa kupasha, usiogope, ni unyevu wa hewa.

Umeme ukikatika tunarudi kwenye blanketi. Sigiri iko barazani, inapika maharage.