Ambulensi za Mombasa: mkague mhudumu kabla ya king'ora

Mtu akianguka sokoni Kongowea saa sita mchana, kelele ya kwanza ni "Leteni gari!" Na gari huja: tuktuk, matatu, mara nyingine ambulensi. Lakini Hayesi nyeupe yenye taa juu na machela ndani, bila mtu anayejua kuifungua njia ya hewa, ni teksi ya bei ghali tu. Kwa hiyo tathmini hii ya huduma za ambulensi hapa mjini inampima zaidi mhudumu wa dharura aliyekaa nyuma. Gari tutaligusa pale linapomsaidia au kumkwamisha.

Milango ya kuingilia huduma hii ni mitatu. Kuna magari ya kaunti, kuna ya mashirika kama Msalaba Mwekundu (namba yao ni 1199) na St John, na kuna kampuni na hospitali za kibinafsi, ambazo baadhi huuza uanachama wa mwaka. Ukipiga 999 au 112 unawapata polisi. Wana kazi yao kwenye ajali, ila wao siyo wanaotuma oksijeni.

Mtihani wa kwanza wa huduma yoyote uko kwenye simu, kabla hata gari halijawashwa. Mpokeaji mzuri huuliza uko wapi, wagonjwa wangapi, mgonjwa anaitika, anapumua kawaida. Kisha hakati simu. Jibu likiwa "haitiki na anakoroma tu," anaanza kukuelekeza papo hapo namna ya kumkandamiza kifua, kwa sababu kule kukoroma kwa kuachana si kupumua. Mpokeaji mbaya huanza na "nani atalipa?" Suala la malipo lina nafasi yake, lakini Katiba, Ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inahesabu huduma ya kabla ya kufika hospitali kuwa sehemu ya matibabu hayo. Upande wako wewe mpigaji, nyumba nyingi hapa hazina namba wala jina la barabara. Taja steji, msikiti, kituo cha mafuta au shule, halafu mtume kijana asimame barabarani na kitu cha kupungia. Dakika nyingi hupotea kwenye mita mia mbili za mwisho.

Gari likifika, tazama mikono ya wahudumu. Mhudumu aliyefundwa havamii. Anatazama kwanza: waya wa umeme uliokatika, mafuta yaliyomwagika, magari yanayozidi kupita. Anavaa glavu. Kisha kazi yake ina mpangilio usiobadilika, awe mgonjwa ni mzee wa kiharusi au kijana wa bodaboda: damu inayofoka, njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu, halafu kumfunua aone majeraha na kumfunika tena. Mpangilio huo si ibada. Damu inayofoka kwenye paja humaliza mtu kwa dakika chache, na njia ya hewa iliyoziba vivyo hivyo, ilhali mfupa uliovunjika unaweza kungoja. Ukimwona mhudumu anahangaika kuufunga gango mguu uliopinda huku mgonjwa anakoroma kwa damu mdomoni, hapo umeuziwa gari.

Jeraha la mkono au mguu linalotoka damu nyingi hukandamizwa moja kwa moja, kwa nguvu, bila kufunuafunua kila baada ya sekunde kuona kama imekatika. Isipokoma, inafungwa toniketi, yaani mkanda wa kukaza unaokata damu, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, isikae kwenye goti wala kiwiko chenyewe, na inakazwa mpaka damu ikome, kisha saa inaandikwa. Kosa la kawaida ni kuikaza nusunusu kwa huruma, maana inauma kweli. Toniketi iliyolegea inazuia damu isirudi moyoni huku ikiiacha ile inayotoka moyoni iendelee kusukumwa, na jeraha linazidi kuvuja. Uliza pia toniketi yenyewe ni ya aina gani. Zile za bei ya chini zina kijiti cha plastiki kinachopinda au kuvunjika ukikisokota mara ya tatu. Leso iliyosokotwa kwa kijiko ni bora kuliko kusimama tu, lakini gari linalotoza maelfu halina udhuru wa kutegemea leso.

Helmeti ya mwendesha bodaboda huvuliwa na watu wawili, mmoja ameishika shingo kutoka chini, mwingine anaivuta polepole. Kwa aliyegongwa nyonga, mkanda mpana wa kubana nyonga unafungwa usawa wa pale ambapo mfupa wa paja hutokeza pembeni. Wengi huufunga kiunoni, na ukiwa kiunoni haubani chochote cha maana.

Mfuko wa kupumulishia ndio kifaa kinachofichua haraka zaidi nani kasoma na nani kavaa sare. Mtu mzima anahitaji pumzi moja kila sekunde 6, na mfuko unabanwa kiasi cha kuona kifua kikiinuka, basi. Mhudumu mwenye hofu hubana kila sekunde, mpaka mwisho. Hewa inakwenda tumboni, mgonjwa anatapika, matapishi yanaingia kwenye mapafu. Tena kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja anaziba barakoa usoni kwa mikono yote miwili na kuinua taya, mwingine anabana. Gari lililokuja na dereva na mhudumu mmoja tu haliwezi kuifanya sawasawa likiwa linakwenda. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuuliza, kabla ya kulipia uanachama, ni watu wangapi hupanda gari na dereva amefundishwa nini.

Moyo ukisimama, wahudumu wazuri hubaki pale pale mgonjwa alipo na kukandamiza: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mikandamizo 30 kwa pumzi 2, wakibadilishana kila dakika 2 kwa sababu mkono uliochoka haujijui. Jamaa wataona wanacheleweshwa, na vijana watapiga bodi ya gari wakisema "twendeni!" Kukandamiza kifua ndani ya gari linaloruka matuta ya barabara ya kwenda Nyali ni kazi duni, na ni hatari kwa anayeifanya. Majeruhi anayevuja damu ndani ya tumbo au kifua ni kinyume chake: huyo anahitaji chumba cha upasuaji, na kila dakika ya kumtafutia mshipa wa dripu kando ya barabara inamla. Dakika 10 pale, kisha mwendo. Mhudumu anayejua kutofautisha wagonjwa hawa wawili anastahili pesa yako.

Kwa aliyezama ufukweni, tazama kama wanaanza na pumzi. Moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, kwa hiyo pumzi huja kabla ya mikandamizo, na kifaa cha kushtua moyo kinafuata baada ya kifua kukaushwa. Povu linalotoka mdomoni haliishi. Kulifuta na kulifuta tena ni kupoteza muda, pumulisha tu. Anayeminya tumbo ili "maji yatoke" afukuzwe mchangani.

Mwezi wa Ramadhani, saa za kuelekea magharibi, kipimo cha sukari kitoke mfukoni kabla ya maswali marefu. Mgonjwa wa kisukari aliyefunga akichanganyikiwa au kutokwa jasho jingi, sukari iliyo chini ya milimoli 4 kwa lita inaeleza yote. Jamaa huwa wameshammiminia asali au soda mdomoni hali ya kuwa hajitambui, na hapo tatizo moja limekuwa mawili. Kwa asiyeweza kumeza, sukari hupitia kwenye mshipa, na lazima ndani ya gari awepo mwenye idhini ya kufanya hivyo. Mhudumu wa ngazi ya kwanza hana idhini hiyo, na si aibu. Aibu ni kampuni kumwita paramediki, yaani mhudumu wa ngazi ya juu, kwenye tangazo.

Sasa Likoni, upande wa kusini ambako gari huvuka kwa feri kufika kisiwani. Hesabu hii kila mteja wa ng'ambo hiyo aijue. Mgonjwa anayehitaji oksijeni nyingi kwa barakoa yenye mfuko hutumia hadi lita 15 kwa dakika. Mtungi mdogo wa lita 340 unaisha dakika 22. Wa lita 680, dakika 45. Ule mkubwa wa lita 1,360 unaofungwa ukutani mwa gari, saa moja na nusu. Na hizo ni namba za mtungi uliojaa. Mshale ukiwa katikati, gawa kwa mbili. Feri kuvuka kivuko cha Kilindini ni dakika chache tu. Kinachokula muda ni kungoja feri iliyo ng'ambo irudi, kushusha watu na magari, na kupakia upya. Ambulensi hupewa kipaumbele, lakini kipaumbele hakiiiti feri iliyo upande wa pili. Gari lenye mtungi mmoja mdogo wa kubeba mkononi linaweza kukauka likiwa bado kwenye foleni. Uliza: mitungi mingapi, ya lita ngapi, na nani huikagua kila zamu? Jibu la "ipo ya kutosha" ni jibu la mtu asiyejua. Wanaojipanga hupiga simu kivukoni kabla hawajamwinua mgonjwa, na hali ikiwa mbaya sana humpitisha kwanza hospitali ya Likoni atulizwe. Barabara ya Dongo Kundu, inayopitika mpaka upande wa pili tangu 2024, inamfaa anayekwenda upande wa Miritini au Changamwe. Kwa anayekwenda hospitali ya Coast General, bado utaingia kisiwani kwa Kibarani na Makupa, na jioni huko si pa kukimbilia.

Mji wa Kale una mtihani wake. Gari linaachwa nje, karibu na Fort Jesus au penginepo, na wahudumu wanaingia vichochoroni kwa miguu. Ngazi za nyumba zile ni nyembamba na zina kona. Ubao mrefu wa mgongo haugeuki. Kinachofaa ni kiti cha kubebea, au machela laini ya turubai yenye mishikio sita, kwa yule ambaye hawezi kukalishwa: mwenye presha iliyoshuka au anayeshukiwa kuumia uti wa mgongo. Kampuni isiyo na hata kimoja kati ya hivi viwili isijitangaze kuwa inahudumia kisiwa kizima.

Jambo lingine ambalo halimo kwenye orodha za vifaa ni stara. Mwanamke aliyevaa buibui anaweza kuhitaji kukatiwa nguo kifuani ili vibandiko vya mashine ya moyo vishike. Mhudumu mwenye adabu husema, "Mama, naomba nikufungue hapa nikuangalie," huwaambia wanawake waliopo washike leso pande mbili kama pazia, hufanya kazi yake, hufunika. Inachukua sekunde tano, na inaondoa ugomvi na jamaa ambao ungechukua dakika tano.

Kuhusu magari yenyewe: joto na chumvi ndizo zinazoyamaliza hapa, kuliko mwendo. Gari likiegeshwa juani, jeli ya vibandiko vya kushtua moyo hukauka kabla ya tarehe iliyoandikwa, na hata vikiwa vizima havishiki kifua chenye jasho. Pawe na taulo na wembe ndani ya mkoba ule ule. Dawa ya oksitosini, ambayo mama aliyejifungua njiani huchomwa yuniti 10 ili kuzuia damu, hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo kabati la kawaida la gari halifai. Upepo wa bahari hula kufuli na magurudumu ya machela. Ukipewa nafasi ya kulikagua gari kabla ya kujiunga, vuta machela nje na uirudishe mara mbili, uone kama miguu inajifunga yenyewe. Washa mashine ya kunyonya matapishi bila kuichomeka kwenye umeme, uzibe bomba kwa kidole. Ikivuta kidole kwa nguvu, betri na mota ni nzima. Ikinguruma tu bila kuvuta, wameibeba kama pambo.

Makabidhiano hospitalini hayahitaji dakika zaidi ya moja: umri wa mgonjwa, saa ya tukio, aliumiaje, ameumia wapi, vipimo vya pumzi, mapigo, presha na fahamu, na alichofanyiwa njiani pamoja na saa yake. Yaandikwe pia kwenye karatasi. Huduma nyingi huanguka hapa. Mgonjwa anashushwa, machela inachukuliwa, na daktari anabaki kukisia toniketi imekaa muda gani.

Bei tusizitaje kwa namba, maana hubadilika. Lakini kabla ya kukubali, uliza mambo manne: unatozwa kwa kilomita au kwa safari, oksijeni inahesabiwa kando, muda wa kungoja feri unaingia kwenye bili, na uanachama unagharamia watu wangapi nyumbani, yaani kama dada wa kazi na mgeni aliyelala kwako wamo. Na risiti ikitoka, omba nakala ya ile karatasi ya makabidhiano.