Mwalimu kiziwi au anayesikia: darasa la kwanza apewe nani?

Kwenye shule za viziwi Bukavu, mashariki mwa Kongo, mjadala huu hauishi. Kwa lugha ya ishara, mwalimu kiziwi hana mpinzani: mtoto aliyefika na miaka 8 bila lugha yoyote, maana nyumbani walimwonyesha vidole tu, hujifunza kwa kumtazama akisimulia, nyusi zikiuliza, mabega yakijibu. Kifaransa cha kuandika ni habari nyingine, na mtihani wa taifa wa darasa la sita hausomwi kwa ishara. Hapo anayesikia mara nyingi ana nafuu, tena wazazi wanampigia simu moja kwa moja. Gharama? Lazima afundishwe ishara kwanza, na akishaiva shule yenye mshahara mnono inamnyakua. Mkiwa na wadogo wengi, anzeni na kiziwi; mkiwa na watahiniwa, mtafuteni anayesikia.