FoxyProxy kwa anayehama mtandao kila siku: uzoefu wangu

Kompyuta yangu mpakato huishi katika mitandao miwili isiyofanana. Ofisini huwezi kutoka kwenda intaneti bila kupitia seva ya proksi, yaani kompyuta ya kati inayopokea maombi yako na kuyapeleka intaneti; yetu hutumia programu ya Squid kwenye poti (namba ya mlango wa mawasiliano) 3128, ilhali nyumbani natumia bando la simu, ambako seva hiyo haifikiki kabisa. Kwa miezi mingi nilikuwa nikifungua Firefox jioni, ukurasa unazunguka weee, kisha naambiwa muda wa kuunganisha umekwisha. Nilidhani bando limeisha, nikanunua jingine, kumbe kivinjari kilikuwa bado kinaitafuta proksi ya ofisini.

FoxyProxy, kiendelezi cha bure (programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari), kimeniondolea adha hiyo. Niliandika anwani na poti mara moja tu, nikaipa proksi jina la "Ofisi" na rangi ya chungwa. Sasa nabofya alama yake juu ya kivinjari na kuchagua, badala ya kushuka hadi mwisho wa ukurasa wa mipangilio asubuhi na jioni. Anayekitaka ajue mapema kwamba hakitambui umeunganishwa na Wi-Fi ipi. Kubadilisha ni kazi ya mkono wako.

Faida kubwa zaidi niliiona nilipoanza kufanyia kazi nyumbani. Nafungua njia ya SSH, yaani muunganisho uliosimbwa, hadi ofisini kwa amri ya ssh -D 1080, ambayo hufanya njia hiyo itumike kama proksi ya aina ya SOCKS5 kwenye poti 1080, kisha naelekeza FoxyProxy ipeleke huko anwani za mifumo ya ndani pekee, na tovuti nyingine zote zipite moja kwa moja. Siku ya kwanza majina ya seva za ndani yalikataa kufunguka, mpaka nilipowasha chaguo la kupitisha DNS (huduma ya kugeuza majina kuwa anwani za namba) kwenye proksi hiyo ya SOCKS5. Kisanduku hicho kimoja kilinigharimu karibu saa nzima, kwa hiyo wewe anza na hicho.

Kiendelezi hiki kinatawala kivinjari tu. Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, hufuata mipangilio yake yenyewe, nami niliwahi kukaa nyumbani nikisubiri git pull (amri ya kuvuta mabadiliko mapya) isiyosonga huku kurasa zote zikifunguka vizuri. Kwa ajili yake nimejiandikia amri mbili fupi, moja ya kuweka http.proxy (mpangilio wa proksi wa Git) na nyingine ya kuiondoa, na ya pili ndiyo ninayoiendesha kabla sijafunga kompyuta kuondoka ofisini.